Mchungaji Rubusana na Jimbo la Tembuland

Kila unapokaribia wakati wa uchaguzi hukosi kumsikia mtu akisema kwamba kura yake moja si kitu, na kwamba ikipigwa au isipigwe mambo yatakuwa yale yale. Wengine huenda mbali zaidi. Akikosa kuteuliwa yeye, humtafuta mtu wa kumwangusha mwenzake aliyeteuliwa, hata kama faida ya kuanguka kwake itamwendea adui wa wote wawili. Leo hatutaki kuwahubiria watu wa namna hii. Twapenda tu kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja wa Afrika ya Kusini, Mchungaji Walter Benson Rubusana, aliyefariki mwaka 1936, pamoja na habari za jimbo la uchaguzi la mashambani lililompa heshima ambayo hakupata kupewa Mwafrika mwingine katika nchi ya Cape siku zile, kisha likamnyang'anya.

Rubusana alizaliwa katika wilaya ya Somerset East, upande wa mashariki wa koloni la Cape, kwenye ile miaka ya msiba ambayo Waxhosa wengi walichinja ng'ombe wao kwa kuamini bishara, wakafa njaa, na waliosalia wakaingia kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Baba yake alikuwa mtu wa baraza la wakuu wa kabila lake. Mtoto hakuwahi shule mapema. Alikuwa kijana mkubwa alipochukuliwa na Mchungaji Richard Birt wa misioni ya Peelton, karibu na King William's Town, na mwaka 1876 akaingia chuo cha Lovedale. Huko alisomea ualimu, kisha dini. Alirudi Peelton kufundisha, na mwaka 1884 akawekewa mikono kuwa mchungaji wa Kanisa la Congregational.

Sisi tuliolelewa katika shule za misioni twamjua mtu wa namna hii. Alikuwa na Biblia mkono mmoja na kalamu mkono wa pili, na watu wakimjia mchana na usiku, huyu kwa ubatizo, yule kwa barua ya kesi ya ardhi. Kazi yake kubwa ya kanisa ilikuwa East London, mji wa bandari, katikati ya watu waliotoka mashambani kutafuta mshahara, wakakaa katika mitaa waliyotengewa Waafrika. Lakini moyo wake haukuacha yaliyokuwa ya kwao. Mwaka 1905 alikuwa Uingereza kusimamia kazi ya kuisahihisha Biblia ya Kixhosa. Mwaka uliofuata akatoa kitabu kinene alichokiita Zemk'inkomo Magwalandini, ambamo alikusanya mashairi ya kale ya kuwasifu wafalme na mashujaa, ili yasifukiwe kaburini pamoja na wazee walioyajua kwa moyo. Maana ya jina lile ni kuwaambia waoga kwamba ng'ombe wanakwenda zao. Kwa Waxhosa ilikuwa mbiu ya kumwamsha mtu atoke kitandani akakomboe mali yake iliyotekwa. Mchungaji alitaka watu wake waelewe kwamba safari hii kinachotekwa si ng'ombe peke yake.

Hapa yafaa tueleze kura ya Cape ilikuwaje, maana bila hilo habari za Tembuland hazitaeleweka. Katiba ya koloni ya mwaka 1853 haikutaja rangi. Mwanamume yeyote aliyekuwa na nyumba au ardhi yenye thamani ya pauni 25, au mshahara wa pauni 50 kwa mwaka, aliweza kuandikwa katika daftari la wapiga kura. Ilikuwa haki nyembamba, maana iliwaacha nje wanawake wote na maskini wote. Lakini ilikuwa haki, na Waafrika waliosoma waliishika kwa mikono miwili. Wazungu walipoona majina ya Waafrika yanazidi katika madaftari ya wilaya za mashariki, walianza kuupunguza mlango. Sheria ya mwaka 1887 ilikataa kuihesabu ardhi ya kabila. Kuanzia hapo mtu aliweza kuwa na zizi la ng'ombe na shamba alilolima babu yake, naye mbele ya mwandishi wa daftari akahesabiwa kuwa hana kitu. Watu waliiita sheria ile sindano ya kuwashona midomo. Mwaka 1892 kiasi cha mali kikapandishwa kutoka pauni 25 hadi pauni 75, na kila mwenye kutaka kura akalazimishwa kujua kuandika jina lake, mahali anapokaa na kazi yake. Mwaka 1894 ikaja sheria ya Glen Grey iliyowagawia watu viwanja, huku ikisema waziwazi kwamba viwanja hivyo havitampa mtu kura.

Tembuland ni nchi ya vilima na majani ng'ambo ya mto Kei. Mji wake mkubwa ni Umtata, ambao siku hizi huandikwa Mthatha. Nchi hiyo ilitiwa katika koloni la Cape mwaka 1885, na baadaye ikapewa kiti chake cha uchaguzi. Raia wake wengi mno walikuwa Wathembu na makabila jirani, wakulima na wafugaji wanaoishi chini ya wakuu wao. Wazungu walikuwa wachache, wenye maduka, wanasheria, watu wa serikali na wenye mashamba. Lakini daftari la wapiga kura lilikuwa jambo jingine kabisa. Baada ya sindano zile kupita, raia wengi waliachwa nje, wakabaki walimu, wachungaji, makarani, wakalimani wa mahakama, na wakulima wachache wenye hati zao wenyewe. Hata hivyo Tembuland lilibaki mojawapo ya majimbo machache ambamo kura za Waafrika zilikuwa na nguvu ya kweli. Mgombea Mzungu aliyetaka kiti hakuweza kuwapita mlangoni bila kuwaamkia.

Kwa miaka mingi kazi ya kura hizo ilikuwa kumchagua Mzungu huyu badala ya yule. Mtu aliyeijua kazi hiyo kuliko wote alikuwa John Tengo Jabavu. Aliyazaliwa mwaka 1859 katika wilaya ya Fort Beaufort, naye pia alisomea ualimu, na mwaka 1884 aliwasaidia Waafrika wa Victoria East kumpeleka James Rose Innes Bungeni. Mwaka ule ule alianzisha gazeti la Imvo Zabantsundu, gazeti la kwanza kumilikiwa na Mwafrika katika Afrika ya Kusini. Heshima yake haikuwa ndogo. Mwaka 1898, hata hivyo, Jabavu aliunga mkono wagombea walioshirikiana na chama cha Makaburu, kwa kuwa rafiki zake wa zamani miongoni mwa Wazungu walikuwa upande huo. Wengi walishituka. Rubusana na wenzake walikuwa wamekwisha anzisha gazeti lao mwaka 1897, Izwi Labantu, na kazi ya kulihariri ilikuwa ya A. K. Soga. Kisha wakaunda chama chao, South African Native Congress.

Lazima tuseme kweli yote. Izwi lilipata fedha za Cecil Rhodes, bwana ambaye hakuna Mwafrika mwenye akili atakayemwita rafiki. Kwa hiyo magazeti mawili ya Waafrika yalikuwa yakipigana, kila moja likiegemea Wazungu wake, na nyuma ya ugomvi huo kulikuwa na jeraha la zamani. Jabavu alikuwa Mfengu. Wafengu walipigana upande wa Waingereza katika vita vya mpakani, wakagawiwa ardhi iliyokuwa ya Waxhosa. Si kila Mfengu alimfuata Jabavu, wala si kila Mxhosa au Mthembu alimfuata Rubusana, lakini kidonda kilikuwapo, na mwenye kutaka kukitonesha hakuhitaji kutumia nguvu nyingi.

Mwaka 1909 hatari kubwa iliwaleta wote pamoja kwa muda. Wazungu wa makoloni manne walikuwa wamekubaliana kuunda Muungano, na katika katiba waliyoiandika walitia neno kwamba mwenye asili ya Ulaya peke yake ndiye atakayeketi katika Bunge. Waafrika wa Cape waliachiwa kura yao, ila ingeweza kufutwa kwa theluthi mbili za kura za mabaraza mawili ya Bunge yakikutana pamoja. Mwezi Machi mkutano mkuu wa Waafrika ulikusanyika Bloemfontein, na Rubusana akachaguliwa kuwa rais wake. Baadaye alisafiri London pamoja na W. P. Schreiner, Daktari Abdullah Abdurahman, Thomas Mapikela na wengine, na Jabavu naye alikuwamo safarini. Walipiga hodi katika milango yote ya Uingereza. Waliandaliwa chai, wakasikilizwa kwa adabu, wakarudi mikono mitupu. Katiba ilipita kama ilivyoandikwa, na Muungano ukaanza tarehe 31 Mei, 1910.

Lakini katika ukuta ule palibaki ufa mmoja. Katiba ilimzuia Mwafrika kuingia Bungeni. Haikumzuia kuingia katika Baraza la Mkoa wa Cape, lililosimamia shule, hospitali, barabara na serikali za mitaa. Rubusana aliuona ufa huo. Alisimama Tembuland mwaka 1910, akashindana na Wazungu wawili, akashinda kwa kura 25. Kura 25 ni watu wanaoweza kukaa chini ya mti mmoja. Laiti walimu 13 wangempa kura zao yule aliyemfuata, asingeshinda. Hivyo akaenda Cape Town, mchungaji mweusi peke yake katika baraza la watu 51.

Wako watakaouliza mtu mmoja katika watu 51 aliweza kufanya nini. Kwa kuhesabu kura za barazani, kidogo sana. Lakini twaomba msomaji aitazame kwa macho ya karani wa Engcobo au ya mwalimu wa shule ya kijijini. Kabla ya mwaka ule kura yake ilikuwa fimbo ya kumchapia Mzungu mmoja kwa faida ya mwingine. Mwaka ule ilimweka kitini mtu wa damu yake. Wazungu walilijua jambo hili kuliko Waafrika wengine walivyolijua. Kama kiti kile kilikuwa si kitu, kwa nini Jenerali Hertzog aliyeleta miswada yake mwaka 1926 alipigana miaka 10 kuifuta kura ya Waafrika wa Cape? Mtu hajengi ukuta mahali pasipo na mlango.

Tarehe 8 Januari, 1912, wajumbe wa Waafrika kutoka pande zote za Muungano walikutana tena Bloemfontein, wakaunda South African Native National Congress, ambayo baadaye ilijulikana duniani kwa jina la African National Congress. John Dube alichaguliwa rais, na Rubusana alikuwa mmoja wa makamu wake. Jabavu hakuingia. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913, iliyowaachia Waafrika kama asilimia 7 ya nchi yao. Waziri aliyeileta Bungeni alikuwa J. W. Sauer, rafiki wa Jabavu tangu zamani, na Jabavu katika gazeti lake akaitetea. Watu waliofukuzwa mashambani na mifugo yao, wakihangaika njiani katika baridi, hawakusahau jambo hilo.

Ndipo ulipokuja uchaguzi wa mwaka 1914. Rubusana alisimama tena Tembuland. Mzungu aliyeshindana naye aliitwa Payn. Na kabla vumbi halijatulia ikajulikana kwamba John Tengo Jabavu naye amesimama, katika jimbo lile lile na kwa ajili ya kiti kile kile.

Hatuwezi kuufungua moyo wa marehemu tukasoma yaliyokuwamo. Pengine aliamini kwa dhati kwamba yeye ndiye aliyefaa zaidi, maana alikuwa katika siasa tangu Rubusana akiwa mwalimu wa Peelton. Pengine marafiki zake Wazungu walimsukuma. Pengine ilikuwa ni husuda ya mzee aliyemwona mwingine amekaa katika kiti ambacho yeye, mwalimu wa wote, hakupata kukikalia. Lolote kati ya hayo halibadili hesabu, na hesabu ilikuwa hivi: Payn kura 1,004, Rubusana kura 852, Jabavu kura 294.

Twamwomba msomaji achukue kalamu. Kura za Rubusana na za Jabavu zikijumlishwa ni 1,146, yaani 142 zaidi ya zile za Payn. Hata kama si wote waliompenda Jabavu wangempa Rubusana kura zao, alihitaji 153 tu kati ya zile 294 ili kiti kisimtoke, yaani wachache tu zaidi ya nusu. Wazungu wa Tembuland hawakuhitaji kuiba sanduku, wala kumtisha mtu, wala kutunga sheria nyingine. Waliketi wakitazama. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na mwaka ule kunguru alishiba.

Jabavu hakupata kiti. Alichopata ni kwamba Rubusana naye amekikosa. Watu wengi hawakumsamehe, na nguvu zake katika siasa zilififia hata alipofariki mwaka 1921. Twasema haya bila furaha, kwa sababu mtu huyu alikuwa na mema makubwa. Alijitahidi sana kwa ajili ya chuo cha Fort Hare kilichofunguliwa mwaka 1916, na chuo hicho kikawalea viongozi wengi wa Afrika. Lakini mtu aweza kujenga nyumba kwa miaka 30 na kuichoma kwa kiberiti kimoja. Na mwenye kusoma habari hizi asimwone Jabavu kuwa shetani na Rubusana kuwa malaika. Tumekwisha taja fedha za Rhodes. Na vita vya mwaka 1914 vilipozuka, wakati Rubusana na wenzake walipokuwa wamekwenda tena Uingereza kuilalamikia Sheria ya Ardhi, aliporudi aliahidi kuipatia serikali watu 5,000 wa kwenda kupigana Afrika ya Kusini Magharibi. Alitumaini kwamba utii wao ungelipwa kwa haki. Serikali ilimjibu kwamba vita vile ni vya Wazungu. Alikuwa mtu wa zama zake, aliyeamini kwa muda mrefu mno kwamba mlango wa London utafunguka kwa mwenye kubisha hodi kwa adabu.

Hata hivyo mwaka ule ule wa 1914 Daktari Abdurahman, msafiri mwenzake wa 1909, alichaguliwa katika jimbo la mjini Cape Town, akakaa katika Baraza la Mkoa hata alipokufa mwaka 1940. Hili lathibitisha kwamba njia ilikuwa wazi kwa jamii iliyoshikamana nyuma ya mtu wake. Jamii yake ilikuwa ya Machotara. Kwa Waafrika hakuwapo wa pili baada ya Rubusana. Kiti cha Tembuland hakikurudi.

Tena wenzetu wakumbuke kwamba mambo yakiachwa hayangoji. Mwaka 1930 wanawake wa Kizungu walipewa kura, na wanawake wa Kiafrika hawakupewa. Mwaka 1931 Wazungu wote wakaondolewa sharti la mali na la kusoma, na Waafrika wakaachiwa sharti lile lile. Kwa njia hiyo kura ya karani wa Tembuland ilitiwa maji kila mwaka mpaka ikakosa ladha. Mwisho, katika mwezi wa Aprili 1936, mabaraza mawili ya Bunge yalikutana pamoja, na kwa kura 169 dhidi ya 11 yakawatoa Waafrika wa Cape katika daftari la wote. Wakaambiwa wachague Wazungu watatu wa kuwasemea Bungeni na wawili katika Baraza la Mkoa. Katika kiti alichokuwa amekalia Rubusana mwenyewe, sheria sasa ilitaka akae Mzungu wa kumsemea.

Mchungaji Rubusana alifariki East London tarehe 19 Aprili, 1936, mwezi ule ule. Haki aliyoitumia na mtu aliyeitumia viliondoka pamoja.

Ilikuwa miaka 58 tena kabla watu wa vilima vile kupiga kura kama raia, tarehe 27 Aprili, 1994. Safari hiyo hapakuwa na sharti la pauni wala la kuandika, na bibi kizee aliyefukuzwa mashambani alipanga mstari mmoja na mwanasheria. Mtu waliyemchagua kuwa rais alikuwa Nelson Mandela, mzaliwa wa Thembu aliyezaliwa mwaka 1918, miaka minne baada ya ule uchaguzi wa kura 294. Hatusemi kwamba kura zile zingezuia yote yaliyotokea katikati. Nguvu iliyoikamata nchi ile ilikuwa kubwa kuliko kiti kimoja cha baraza. Lakini twasema kwamba watu waliopewa ufa mmoja katika ukuta wa jiwe waliuziba wenyewe, kwa mikono yao, na baadaye ilibidi ukuta mzima uvunjwe kwa damu ya watoto wao.

Basi kila mwanachama na kila mfanya kazi apime mwenyewe. Atakapokosa uteuzi na kuhisi uchungu, na rafiki wa nje akamjia kumnong'oneza kwamba yeye ndiye bora, na asimame tu, fedha zipo, akumbuke hesabu ya Tembuland. Pia yule atakayeona uvivu kutoka nyumbani siku ya kura akumbuke wale 25 wa mwaka 1910. Wala uteuzi wenyewe usifanywe kwa siri na upendeleo, maana mwenye kuonewa ndiye anayeshawishika upesi. Mashindano yamalizwe ndani, kwa haki na mbele ya watu wote, na yakishamalizwa yawe yamekwisha. Ng'ombe wakiisha kutekwa si wakati wa kuulizana nani alistahili kushika fimbo.